Dhamana ya Mwenye Chombo kwa Mvuvi Aliyeumizwa na Kifaa Kibovu

Imamu wa mwambao wa Bangwe, Kigoma, halikwepi swali hili. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga, na kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai, kabla ya kuja taa za betri na sola. Karabai ina tangi la mafuta ya taa lililojazwa presha kwa pampu. Mshono ukivuja, mafuta hufoka na kushika moto. Tuseme mwenye chombo anajua tangi linavuja, akaliziba kwa sabuni, akamkabidhi kijana aliyemwajiri, naye akaungua mkono. Je, tajiri atasema ni kadari ya Mungu, yakaisha?

Wanaomtetea hushika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa madhara ya kisima na ya machimbo hayana fidia. Hadithi ni sahihi. Lakini wanazuoni wameifahamu kwa aliyechimba panaporuhusiwa bila kuvuka mpaka, au aliyeajiri mchimbaji akaangukiwa na udongo pasi na kosa la mwajiri. Haimhusu aliyeficha hatari.

Tazama madhehebu yetu ya Shafi. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja katika Minhaj mas'ala ya mtu aliyechimba kisima ukumbini mwake, kisha akamwalika mgeni, naye akatumbukia. Kauli yenye nguvu ni kuwa mwenye nyumba anadhamini. Washereheshaji wakafafanua kuwa ni pale mgeni asipojua, kwa mfano kisima kimefunikwa au pana giza. Nyumba ni yake, na mgeni ameingia kwa miguu yake. Hata hivyo dhamana imemrudia aliyejua akanyamaza. Karabai iliyozibwa kwa sabuni ni kisima kilichofunikwa.

Aliyeuona uvujaji akawasha kwa hiari yake, hukumu yake ni nyingine, ingawa kijana mwenye njaa kumwambia tajiri "siendi" si jambo jepesi. Hapa Mahanafi wanatufaa: ukuta ulioinama barabarani, mwenyewe hudhamini akishaonywa na kupata muda wa kuubomoa, asifanye. Basi mvuvi aiseme kasoro mbele ya mashahidi.

Kwa malipo, kidole kina sehemu ya kumi ya diya, na jeraha lisilo na kiwango hukadiriwa na wajuzi. Diya ya kukosea asili yake hubebwa na akila, jamaa wa upande wa baba. Kusamehe ni haki ya aliyeungua, hasukumwi na yeyote.

Serikali nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyoanzisha Mfuko wa Fidia. Tatizo ni mvuvi wa mgawo asiye na mkataba: ni vigumu kwake kuthibitisha kuwa ni mwajiriwa. Huyo ndiye atakayebisha hodi kwa imamu.

Wallahu a'lam.