Pengo Kati ya Ushahidi na Dai

Mtu aliyefanya biashara ya usafirishaji kwa miaka kumi anaweza kukosa swali linalohusu mabasi, na kijana asiyewahi kumiliki hata bodaboda akalipata. Nimeliona hilo mara nyingi kwa watu ninaowaandaa kwa GMAT, mtihani unaotumika tangu 1954 kuwachuja waombaji wa shahada za uzamili za biashara. Maswali ya hoja katika mtihani huo hayataki kujua unafahamu nini kuhusu mabasi. Yanataka kujua kama maneno machache yaliyoandikwa pale yana nguvu ya kubeba dai lililotwikwa juu yake.

Chukua mfano huu niliotunga. Kampuni ya mabasi ilifunga vidhibiti mwendo kwenye mabasi yake yote mwanzoni mwa mwaka jana. Kufikia mwisho wa mwaka, ajali zake zilikuwa nusu ya zile za mwaka uliotangulia. Kwa hiyo, meneja anahitimisha, vidhibiti mwendo ndivyo vilivyopunguza ajali. Lipi kati ya majibu matano, likiwa kweli, linadhoofisha zaidi hitimisho hilo?

Usikimbilie majibu. Dai la meneja ni kwamba vidhibiti ndivyo vilivyoleta nafuu. Ushahidi wake ni kwamba nafuu ilikuja baada ya vidhibiti. Ni kweli dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Kati ya "baada ya" na "kwa sababu ya" pana pengo, na jibu sahihi limejificha humo. Jiulize: ni kitu gani kingine kingeweza kupunguza ajali mwaka ule?

Sasa soma. La kwanza linasema madereva wengi hawavipendi vidhibiti. La pili, vimegharimu zaidi ya ilivyotarajiwa. La tatu, baadhi ya vidhibiti vilikutwa vimechezewa. La nne, mwaka huohuo kampuni ilifuta safari zote za usiku, ambazo ndizo zilizokuwa na ajali nyingi zaidi. La tano, kampuni nyingine ilifunga vidhibiti vya aina hiyo na ajali zake zikapungua pia.

Mawili ya mwanzo yanaweza kuwa kweli kabisa na bado hayaigusi hoja, kwa kuwa chuki ya dereva na bei ya kifaa hazisemi lolote kuhusu kilichopunguza ajali. La tano linamsaidia meneja, na aliyesoma swali kwa haraka akasahau kama aliambiwa adhoofishe au aimarishe hulichagua kwa moyo mkunjufu. Linalowanasa watu makini ni la tatu. Linanukia kama pingamizi. Lakini tazama neno "baadhi": vidhibiti viwili vikichezewa kati ya mia moja, sentensi ile bado ni kweli, na vile tisini na nane vinaendelea na kazi yake. Jibu ni la nne, maana linaleta sababu nyingine inayotosha kueleza nafuu yote bila kutaja vidhibiti.

Mara nyingine hoja ni ileile ila swali linageuka, unaulizwa meneja amechukulia nini bila kukisema. Hapa ipo njia ambayo sijaona ya kuizidi: likanushe jibu, kisha uone hoja inabaki au inaanguka. Tuseme jibu mojawapo ni kwamba idadi ya safari haikupungua sana mwaka ule. Likanushe: safari zilipungua sana. Basi ajali kupungua si ajabu, na dai la meneja limebaki halina mguu. Hiyo ndiyo dhana aliyoiegemea. Jibu ambalo ukilikanusha hoja inabaki imesimama, liache hata likikupendeza.

Yapo pia maswali ya kutoa hitimisho kutokana na taarifa ulizopewa, na hapo desturi inabadilika. Hushambulii mtu. Unatafuta jambo ambalo ni lazima liwe kweli, na linalowezekana tu halitoshi. Asilimia huwaangusha wengi hapa. Ukiambiwa sehemu ya abiria wanaopanda treni imeshuka kutoka asilimia 40 hadi 30, huwezi kusema abiria wa treni wamepungua. Kama wasafiri wote walikuwa 1,000 na sasa ni 2,000, waliopanda treni wametoka 400 hadi 600.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huniambia kinachowaangusha ni Kiingereza cha mtihani. Siamini hivyo. Toleo lililoanza kutumika mwishoni mwa 2023 liliondoa kabisa maswali ya kusahihisha sentensi, na sehemu ya lugha sasa ina ufahamu na hoja tu: maswali 23 kwa dakika 45, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa kila moja. Hoja yenyewe mara nyingi haizidi aya moja. Anayeumia ni yule anayeisoma mbio, akazama kwenye majibu, kisha akarudi juu mara tatu kutafuta dai lilikuwa lipi. Kuchelewa kidogo mwanzoni kunaokoa muda. Toleo hilo pia linakuruhusu kurudi mwishoni na kubadili hadi majibu matatu katika kila sehemu, ila uwe umebakiwa na muda, na swali lililoachwa wazi linakupunguzia alama.

Kama unajiandaa, usianze na maswali hamsini. Chukua moja leo, funika majibu kwa kipande cha karatasi, andika dai na ushahidi kwa Kiswahili chako mwenyewe, sentensi moja kwa kila kimoja, kisha andika kinachokosekana kati yake. Ukishaandika, funua.