Majani ya Mbuyu: Mboga Kwanza, Dawa Baadaye

Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa tunda la mbuyu uuzwe kama chakula mwaka 2008, Marekani ikafuata mwaka 2009. Tangu hapo sisi tunaoishi huku ughaibuni tumezoea kuuona madukani, kwenye vipakiti vidogo vya bei kubwa. Ni jambo jema. Lakini kule Rabai, Kilifi, pwani ya Kenya, nilikokulia, mabuyu yalikuwa ya watoto. Walichokitegemea akina mama ni majani, na majani hayo hayatajwi sana.

Kiangazi mbuyu husimama uchi, ukadhani umekufa. Mvua zikianza, matawi yanavaa majani mapya, na hapo ndipo thamani yake ilipo: ghala limeshapungua, mahindi shambani bado machanga, na juu ya mti kuna mboga ambayo hakuna aliyeipalilia. Nyanya yangu alikuwa akivuta tawi kwa upembo na kuchuma yale machanga tu, ambayo bado yana wekundu kwa mbali. Kila kikonyo hubeba vijani vitano hadi saba vilivyotanuka kama vidole vya mkono. Alivipurura, akatupa vikonyo kwa sababu havilainiki, akakatakata majani, akayachemsha, mwishoni akatia tui zito. Rabai haikosi nazi. Mboga hiyo huteleza kama bamia, na sima hushuka nayo bila kusukumwa.

Utelezi huo ni sehemu ya faida yake, maana unatokana na nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka kwenye maji. Majani yakikaushwa, kila gramu 100 huwa na protini kati ya gramu 10 na 15, pamoja na kalsiamu na madini ya chuma kwa wingi. Usilinganishe takwimu hizo na za mchicha mbichi, kwa kuwa jani bichi la mbuyu zaidi ya nusu yake ni maji. Chuma cha mboga za majani nacho hakifyonzwi kirahisi mwilini. Chakula kikiwa na vitamini C ndani yake, hufyonzwa vizuri zaidi, kwa hiyo kamulia ndimu au nyunyizia kijiko cha unga wa mabuyu wenyewe. Mti mmoja umebeba vyote viwili.

Kuna jambo la ukaushaji ambalo natamani kila nyumba ilijue. Majani haya yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto. Utafiti uliofanywa Mali katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa majani yaliyokaushwa kivulini yalibaki na viini hivyo karibu mara mbili ya yaliyoanikwa juani. Basi ungo uwekwe ndani au chini ya baraza, pasipofikiwa na jua, kisha majani yatwangwe kinuni. Haigharimu hata senti.

Upande wa dawa, nina imani na mambo machache tu, na nayaeleza kwa uangalifu. Sehemu nyingi za Afrika, maji ya majani haya hunywewa kwa kuhara, homa, pumu na maradhi ya figo na kibofu. Yakipondwa, hubandikwa penye uvimbe au alipouma mdudu. Kwa kuhara, ni rahisi kuelewa kwa nini yanaaminiwa: yana ukakasi unaokaza utumbo, na utelezi unaoutuliza. Kwa homa, hata Mfaransa Michel Adanson, ambaye jina la kisayansi la mbuyu limetokana naye, aliyatumia kama kinga alipokuwa Senegal kuanzia mwaka 1749. Ila homa ya pwani yetu mara nyingi ni malaria, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba majani haya yanaitibu. Mtoto akichemka mwili, apimwe siku hiyo hiyo. Mboga ataila akipona, na itamfaa sana wakati anarudisha damu.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na Rais William Ruto akaagiza jambo hilo lichunguzwe. Siwalaumu wenye mashamba waliouza. Mbuyu huchukua nafasi ya mahindi, na ada ya shule haisubiri. Kinachoniuma ni kwamba kwenye hesabu ile mti ulipewa bei ya pambo, wala mboga yake ya kila masika haikuhesabiwa. Misitu mitakatifu ya Kaya za Rabai imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Mibuyu ya mashambani, inayolisha watu, haina ulinzi wa namna hiyo.

Kwa aliye mbali na anataka kupika: nenda kwenye duka la Wanigeria au la Wasenegali, uulize kuka au lalo. Ni unga huu huu wa majani ya mbuyu, kwani Afrika Magharibi wanaupika mwaka mzima. Chagua wenye rangi ya kijani, si uliofifia ukawa kahawia. Kwa sufuria ya watu wanne anza na vijiko viwili vya chakula, unyunyizie kidogo kidogo mchuzi ukichemka huku unakoroga, la sivyo utafanya madonge. Tui litiwe mwisho, ndimu baada ya kuepua.