Kamera Inayotafuta Chini

Droni ya pangaboi nne haiwezi kwenda mbele bila kuinama. Pangaboi zinazoinyanyua ndizo hizohizo zinazoisukuma, na ili zisukume ni lazima mwili mzima ulale kuelekea inakokwenda. Ukitaka kasi, inalala zaidi: nyuzi 20, nyuzi 30. Ukiisimamisha ghafla, inainua pua na kulala kinyume. Hata ikiamriwa ibaki mahali pamoja haitulii. Nenda ufukwe wa Paje, Unguja, mwezi wa Julai kusi inapovuma, uitazame ikiwa juu ya kichwa chako: mwili umeinamia upande unakotoka upepo na unayumba kila upepo unapokaza. Kisha chungulia simu ya anayeiendesha. Bahari imelala sawasawa, na upeo wa macho umenyooka.

Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni gimbali, kikono kidogo chenye mota tatu kinachoishika kamera chini ya pua ya droni. Mota moja huinua na kuinamisha kamera, nyingine hurekebisha ulalo wa kushoto na kulia, na ya tatu huigeuza pembeni.

Kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, ilipotoa Phantom ya kwanza Januari 2013, droni hiyo haikuwa na kamera yake. Wanunuzi waliifunga GoPro tumboni na kurudi na video za kuumiza kichwa. Phantom 2 Vision+, iliyotoka Aprili 2014, ilikuja na kamera na gimbali ya mihimili mitatu. Kwangu mimi, huo ndio mwaka droni ilipoacha kuwa kichezeo cha mafundi ikawa chombo cha kazi. Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza ukubwa: mwaka 2019 Mavic Mini ilikuwa na gimbali ya mihimili mitatu ndani ya droni yenye uzito wa gramu 249 kwa jumla.

Droni ikiwa imezimwa, iguse kamera taratibu kwa kidole. Inacheza kwa wepesi, kana kwamba haikushikwa na kitu. Imefanywa hivyo makusudi. Mota zake hazina brashi wala giya. Kila mhimili unashikwa na mota moja kwa moja, na uzito wa kamera umepangwa ili kitovu chake kiwe karibu kabisa na mihimili hiyo. Kitu kilichosawazishwa namna hiyo hakizunguki eti kwa sababu kilichokibeba kimezunguka. Watu wengi hudhani gimbali inaihangaisha kamera huku na huku ili kufuta mitikisiko. Kwa sehemu kubwa ni kinyume chake: droni ndiyo inayohangaika kuizunguka kamera iliyotulia, na mota hufidia msuguano, upepo na ukaidi wa waya bapa unaopeleka picha kwenye mwili wa droni. Ndiyo maana filta ya kioo ya gramu chache tu, ikifungwa kwenye lenzi ambayo haikutengenezewa, inaweza kuleta onyo kwamba mota imezidiwa.

Mota hazishughulikii kila mtikisiko. Pangaboi huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mtetemo huo ni wa kasi mno. Unazuiwa na vipande vya raba laini vinavyoishikilia gimbali kwenye mwili. Raba ikichanika, picha haitikisiki tu bali inapinda kwa mawimbi, kwa kuwa kamera husoma picha mstari baada ya mstari, na kila mstari unaikuta kamera mahali tofauti kidogo.

Lakini mota na raba ni sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kujua chini ni wapi.

Mabaharia walishalitatua tatizo kama hili kwa dira ya meli. Bakuli la dira lilitundikwa kwenye pete zinazozunguka moja ndani ya nyingine, na uzito wake ukaliweka wima hata merikebu ikilala. Pete hizo zinahusishwa na jina la Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, ingawa zilikuwapo karne nyingi kabla yake. Kwenye droni hazifai. Kitu kinachoning'inia hufuata mvuto wowote kinaouhisi, si mvutano wa dunia peke yake. Droni inapoongeza kasi, kamera ya kuning'inia ingebaki nyuma. Inapofunga breki, ingerushwa mbele.

Badala yake gimbali hutumia sensa mbili. Ya kwanza, inayoitwa akselerometa, ina udhaifu huohuo. Droni ikielea, inaonyesha chini bila shida. Droni ikikata kona, inadanganyika, kama abiria wa daladala aliyefumba macho asivyoweza kujua kama gari limelala au linapinda. Chukua droni inayozunguka mnara kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, mita 20 kutoka katikati. Ukipiga hesabu ya msukumo wa kona hiyo, akselerometa ikiaminiwa peke yake itasema chini iko karibu nyuzi 27 pembeni mwa ilipo kweli.

Sensa ya pili ni jairoskopu. Ndani yake kuna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeshwa bila kukoma. Kikizungushwa, nguvu ya Coriolis hukisukuma upande, na saketi hupima msukumo huo. Kona haiidanganyi. Lakini yenyewe inahesabu mizunguko tu, haijui ilianzia wapi, na vijikosa vyake vinajilimbikiza. Kosa la nyuzi 0.01 kwa sekunde linafika nyuzi 0.6 kwa dakika moja.

Programu ya gimbali inaishi kwa kuwasuluhisha mashahidi hawa wawili, mamia ya mara kila sekunde. Kwa jambo lililotokea sasa hivi inaisikiliza jairoskopu. Kwa muda mrefu inarudi kwa akselerometa. Zungusha droni kwa kasi dakika nzima, na akselerometa, shahidi anayedanganywa na kona, itakuwa imesikilizwa kupita kiasi: utaona upeo wa macho umelala kidogo. Kidogo hicho kinaonekana. Kwenye video ya 4K yenye upana wa nukta 3840, nyuzi moja tu inaufanya upande mmoja wa bahari uwe juu ya mwingine kwa nukta 67. Dawa yake ni kuisimamisha droni sekunde kadhaa, akselerometa ipate tena kusema kweli.

Wapo waliojaribu kuepuka mota kabisa. Parrot ya Ufaransa iliuza droni ya Bebop yenye lenzi pana ya jicho la samaki, kisha programu ikakata kipande cha picha na kukisogeza ili kufuta mtikisiko. Mchana njia hiyo inafanya kazi vizuri, na warushaji wa droni za mbio wanaitegemea hadi leo. Jua likizama mambo yanabadilika. Kamera inahitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga wa kila picha, na ikitikisika ndani ya muda huo, ukungu unakuwa umeshaingia kwenye picha. Programu inaweza kuisogeza picha yenye ukungu, lakini haiwezi kuufuta.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiridhike na neno la kutulia kwa picha lililoandikwa kwenye boksi; hesabu mota. Harusi zetu nyingi hunoga jioni, na droni ya bei nafuu isiyo na gimbali itakuaibisha mbele ya mwenye shughuli. Ukishainunua, toa kifuniko cha gimbali kabla ya kuwasha, na uiweke droni mahali tambarare, pasipo nyasi za kuizuia kamera. Katika sekunde zile za kwanza kamera inapojinyoosha, sensa zinaamua chini ni wapi, na hapo hazitakiwi kutikiswa.