Kidonda Kisichouma

Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, maradhi ya kisukari hayana jina refu: huitwa "sukari", basi, na asemapo mtu kwamba fulani ana sukari, wasikilizaji huitikia kana kwamba yote yamekwisha kueleweka, kuwa mgonjwa alizidisha chai tamu na kaimati, na sasa analipa. Dhana hiyo ina ukweli kidogo na upotovu mwingi, nayo imetudhuru kwa namna mbili: humtia mgonjwa haya hata akaificha hali yake, na humpa amani ya uongo yule asiyependa vitamu, ambaye kila asubuhi hula mahamri manne kwa mbaazi za nazi, na adhuhuri akaikabili sinia ya wali, huku akijihesabu kuwa yu salama.

Wanga wote, uwe wa wali, sima, muhogo au ngano, hugeuka sukari ukiisha kusagika tumboni, ukaingia damuni. Na hapo kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, hutoa insulini, ambayo ndiyo bawabu aifunguliaye sukari milango ya mwili ili iwe nguvu. Wako watu, aghalabu watoto na vijana, ambao kinga ya miili yao imeziangamiza chembe zitengenezazo insulini. Hao hawana budi kudungwa sindano umri wao wote, na kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuivumbua dawa hiyo mjini Toronto mwaka 1921, maradhi hayo kwao yalikuwa ni mauti. Lakini wagonjwa walio wengi ni wa aina ya pili: bawabu yupo, ila milango imekuwa mizito, kwa sababu ya nasaba, umri, kitambi, na kukaa kitako mchana kutwa. Kadhalika wako wajawazito wapatwao na maradhi haya wakati wa mimba tu, ingawa hatari ya kurudiwa baadaye hubaki.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kuamka usiku mara kwa mara kwa haja ndogo, kukonda, uchovu, na macho kuona ukungu. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliyatambua kwa chungu waliokusanyika penye mkojo wa mgonjwa, na Ibn Sina, takriban miaka 1,000 iliyopita, aliandika juu ya utamu wa mkojo huo na kuoza kwa viungo. Shida ni kwamba aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka mingi bila ya dalili yoyote, ikiharibu mishipa kimya kimya: ile midogo ya macho na mafigo, na ile mikubwa ya moyo na ubongo, hata siku moja mtu akapofuka au akapigwa na kiharusi.

Nitakalo kulieleza kwa kirefu ni mguu, maana sisi ni watu wa pwani, watu wa ndara na wa kwenda peku. Maji yakipwa, mtu hushuka ufuoni, akakanyaga kombe kali. Mwenye siha hupiga ukelele papo hapo, lakini yule ambaye sukari imemfisha hisi za nyayo hutembea na jeraha lake mpaka jioni, asitambue ila aonapo damu kwenye mkeka. Na kwa kuwa hakiumi, kidonda hicho hudharauliwa. Hufungwa kitambaa, au hukandwa kwa maji ambayo mguu uliokufa ganzi hauwezi kuupima umoto wake, ukaungua juu ya kuumia. Damu haifiki vyema, usaha hupenya hata mfupani, na pindi harufu inapomshtua mwenyewe, akavushwa kwa feri ya Likoni kwenda hospitali kuu ya Pwani kisiwani, huenda daktari hana la kufanya ila kukata. Naliona jambo hili kuwa msiba mkubwa kwa sababu huepukika: kila jioni nyayo zitazamwe, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu, zioshwe, zikaushwe hata baina ya vidole, na mgonjwa asitembee peku, hata chumbani mwake.

Dawa isiachwe kwa kuwa mtu amejisikia nafuu, na atakaye kufunga Ramadhani amwone tabibu kabla ya mwezi kuandama, kwani sukari ikishuka mno nayo huua, na dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula.

Nawe msomaji, ikiwa umepita miaka 40, au mzazi wako alikuwa na sukari, au mshipi wako umeongezwa tundu, nenda zahanati asubuhi kabla ya kula, utoe tone moja la damu katika ncha ya kidole. Ukiambiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, usingoje kuumwa: rudi kwa tabibu upimwe tena.