Miguu Iliyojaa, Mishipa Iliyopungukiwa

Mama mjamzito afikaye zahanati huko Sola, mkoani Simiyu, baada ya majuma ya palizi ya pamba, aghalabu huwa na miguu iliyovimba. Na mkunga abonyezapo muundi kwa kidole gumba, shimo hubakia pale kwa kitambo. Wengi hudhani basi kuwa mwili umezidiwa na maji, wakamshauri apunguze kunywa au atafute dawa ya kukojoa. Dhana hiyo yaweza kudhuru.

Katika mimba ya salama mishipa ya damu hulegea mapema, na figo, zikihisi kwamba damu haitoshi kuijaza, hutoa renini kwa wingi. Kwa renini hupatikana anjiotensini, nayo huiamuru tezi iliyo juu ya figo itoe aldosteroni, homoni izuiayo chumvi na maji visipotee katika mkojo. Kwa tadbiri hiyo majimaji ya damu huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, ilhali presha haipandi, kwa kuwa mishipa ya mjamzito huwa mizito kuiitikia anjiotensini, ambayo kwa kawaida huikaza.

Katika priklampsia, maradhi yatanguliayo kifafa cha mimba, uzito huo wa kuitikia hutoweka. Na mwaka 1973 tabibu Norman Gant na wenzake wa Dallas, Marekani, walidhihirisha kuwa hutoweka majuma mengi kabla presha haijapanda. Mishipa hujikaza, kuta zake huvuja, na maji huhamia katika nyama, mfano wa mtungi wenye ufa ambao sakafu chini yake imelowa na ndani maji yanapungua. La ajabu ni kwamba figo, badala ya kuzidisha renini, huitoa kwa uchache kuliko katika mimba ya salama, kana kwamba mishipa iliyobana imezipa habari ya shibe isiyokuwapo.

Kwa hiyo dawa ya kukojoa si tiba ya uvimbe huu, na dripu nyingi nazo huweza kuishia mapafuni. Uvimbe peke yake hauthibitishi maradhi: hukumu ni ya presha ifikayo 140/90 baada ya juma la 20, pamoja na protini katika mkojo au dalili nyingine za viungo kudhurika. Dawa ya maginesiamu salfeti, iliyojaribiwa katika nchi 33 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2002, hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu; lakini kinga hiyo humfaa tu aliyepimwa mapema. Kichwa kikiuma sana, macho yakififia, au chembe cha moyo kikichoma, mama apelekwe hospitali saa ile ile.