Tuchague Vipi Toleo la Mfukoni la Riwaya?

Wanafunzi wanaotaka kununua riwaya maarufu za zamani huuliza mara kwa mara: je, ni vizuri kutafuta kitabu kidogo chenye jalada gumu? Jibu letu ni ndiyo, ila kuna mambo matatu ya kukagua kwanza.

Vitabu vya namna hii vina historia ndefu. Nchini Uingereza, mfululizo wa World's Classics ulianza mwaka 1901, na Everyman's Library mwaka 1906. Kampuni ya Thomas Nelson, iliyochapisha Kusadikika ya Shaaban Robert mwaka 1951, nayo ilikuwa imechapa riwaya za Dickens kwa karatasi nyembamba ili zienee mfukoni. Riwaya nyingi za Kiswahili, kwa upande wake, hutoka kwa jalada laini. Kwa hiyo anayebahatika kuona jalada gumu huweza kununua kabla hajafungua kitabu.

Kwanza, kagua matini. Soma ukurasa wa hakimiliki: nani mchapishaji, ni toleo la ngapi, la mwaka gani, na je, hadithi imefupishwa? Tusichanganye toleo na chapa. Chapa mpya kwa kawaida hurudia kurasa zilezile. Toleo jipya huweza kubadili tahajia, maneno na mpangilio wa kurasa. Kusadikika, kwa mfano, imepitia kwa wachapishaji zaidi ya mmoja. Mwalimu aliyeko Gitega akitaja ukurasa wa 20, mwanafunzi aliyeko Muyinga mwenye toleo jingine huenda akakuta tukio jingine. Katika tasnifu, nukuu isiyotaja toleo ni vigumu kuifuatilia.

Pili, kagua mshono. Tazama mgongo wa kitabu kwa juu. Ukiona karatasi zimekunjwa mafungumafungu, na uzi unaonekana katikati ya fungu, kitabu kimeshonwa. Karatasi zikiwa zimekatwa na kubandikwa kwa gundi tu, huweza kuanza kuchomoka kitabu kikipita mikononi mwa darasa zima. Jalada gumu nalo huweza kuficha gundi tupu.

Tatu, kagua maandishi. Kitabu kikipunguzwa, herufi hupungua pia. Soma ukurasa mmoja kwenye mwanga hafifu, kama ule wa jioni. Angalia kama maandishi ya nyuma yanapenya karatasi, na kama pambizo inatosha kuandika kwa penseli.

Ikibidi kuchagua, tunashauri kuchukua matini kamili yenye jalada laini, kuliko muhtasari uliopambwa. Jalada gumu linaweza kuongezwa baadaye na fundi wa vitabu, lakini sura iliyoondolewa hakuna fundi awezaye kuirudisha. Walimu nao wakubaliane na wanafunzi wao juu ya toleo moja kabla mtu hajatoa pesa yake.