Je, Wajua? Tovuti na Gemu, Kuanzia Kigongo

Je, wajua kwamba alama moja ndogo kwenye jina inaweza kuangusha fomu nzima ya tovuti? Vuka Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 19, 2025, kutoka Kigongo hadi Busisi, kisha shika njia ya Geita. Mkoani humo kuna wilaya ya Nyang'hwale. Liandike jina hilo kwenye tovuti iliyotengenezwa kwa haraka, bonyeza kitufe cha kutuma, na usishangae ukiambiwa kuna hitilafu. Lugha ya SQL, ambayo hifadhidata nyingi huitumia, hufungua na kufunga maandishi kwa alama hiyohiyo ya ritifaa. Ikifika kwenye Nyang inadhani jina limekwisha, halafu inakutana na hwale na kushindwa kuielewa. Dawa yake inajulikana kwa miaka mingi: amri itumwe peke yake, nafasi ya jina ikiwa imeachwa wazi, na jina lifuate kando kama data tu. Tundu hilohilo ndilo wadukuzi hupitishia amri zao, kwa hiyo anayelipokea vizuri jina la Ng'wandu amelinda pia siri za watumiaji wake wote. Kwa mtengeneza tovuti wa Kanda ya Ziwa, jina la kwanza la kujaribia fomu lingepaswa kuwa lenye ng'.

Je, wajua kwamba saa ya kompyuta ilianza kuhesabu saa tisa usiku kwa saa za Mwanza? Mifumo mingi huhesabu sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970, saa sita kamili usiku kwa saa za Greenwich. Huku kwetu tulikuwa mbele kwa saa tatu. Mifumo ya zamani iliyotenga biti 32 kwa hesabu hiyo itafika mwisho wake kwenye sekunde ya 2,147,483,647, yaani Januari 19, 2038, saa 12 asubuhi na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mifumo hiyo itadhani ni Desemba 1901. Ukianza mradi leo, tumia biti 64.

Je, wajua kwamba Tetris ya kwanza haikuwa na picha hata moja? Alexey Pajitnov aliiandika Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta iliyoonyesha maandishi tu, na vipande vya kuangusha akavichora kwa alama za mabano.

Je, wajua kwamba kwenye Super Mario Bros. ya 1985 wingu na kichaka ni mchoro mmoja? Wamebadilisha rangi tu. Gemu nzima ilitoshea kwenye kilobaiti 40, na picha moja ya simu yako leo inaizidi mara nyingi. Anayelalamika kwamba simu yake ni dhaifu mno kujifunzia na aliangalie hilo kwa makini.

Je, wajua kwamba gemu la bao linaweza kumkwamisha hata mwandishi hodari wa programu? Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete, unazoa na kuendelea kusambaza, shimo kwa shimo. Mchezaji wa Zanzibar hulifanya hilo bila hata kuangalia vidole vyake. Lakini watafiti wa hisabati ya bao wameonyesha kwamba ipo mipangilio ya kete ambayo mwendo wake hauishi kamwe: utasambaza, utazoa, utasambaza, na hutafika kwenye shimo tupu. Programu ambayo mwandishi wake hakuliwazia hilo itaganda papo hapo. Inabidi ihesabu hatua na kujiwekea kikomo, au ikumbuke sura za ubao ilizokwisha kupita.

Tukiendelea na bao: njia za kugawa kete 64 katika mashimo 32 ni takribani 1 ikifuatwa na sifuri 25. Awari, gemu la Afrika Magharibi lenye mashimo 12 na kete 48, lilitatuliwa kikamilifu mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Amsterdam. Kompyuta zao zilipitia sura 889,063,398,406 za ubao na kupata kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao ni bahari nyingine kabisa. Wasukuma nao wana isolo, ndugu wa bao, na natamani kuona kijana wa Misungwi akikaa na wazee wanaolicheza, akaandika sheria zake moja baada ya nyingine, kisha akalitia kwenye simu.

Je, wajua kwamba Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu la pande tatu, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007? Baadaye akawa mwanzilishi mwenza wa Leti Arts, pamoja na Eyram Tawia wa Ghana.

Je, wajua kwamba Ushahidi, mfumo wa ramani wa tovuti uliotumika pia Haiti baada ya tetemeko la 2010, ulizaliwa Kenya Januari 2008 katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi? Uliandikwa kwa siku chache. Wananchi walituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa tovuti, nazo zikawekwa kwenye ramani kila mtu azione.

Je, wajua kwamba shindano moja kubwa la programu za kujifunzia lilipimwa vijijini Tanga, kwa Kiswahili? Liliitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi, kukawa na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua, na kwa miezi 15 wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni kundi hilo lilikuwa limepungua kwa nusu. Mei 2019 tuzo iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, kila mmoja dola milioni 5. Kitkit School ni kazi ya mke na mume wa Korea Kusini, Sooinn Lee na Gunho Lee, waliotoka kwenye kampuni ya gemu. Ustadi uleule wa kumfanya mtoto atake raundi moja zaidi ukaelekezwa kwenye a, e, i, o, u. Msimbo wa programu zote tano zilizofika fainali uliwekwa wazi kwa umma. Unaweza kuupakua, kuusoma na kuurekebisha.

Je, wajua kwamba hata mwanga unachelewa kutoka Kigongo? Ndani ya mkongo wa intaneti husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Frankfurt, kama kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi ni milisekunde 63, na mkongo haunyooki hivyo. Gemu la fremu 60 kwa sekunde huchora fremu moja kila milisekunde 17, kwa hiyo amri yako ikisubiri safari hiyo ya kwenda na kurudi, adui uliyemwona ameshasogea fremu tatu au zaidi. Ndiyo maana magemu ya mtandaoni hukisia: simu yako inakusogeza mara moja, kisha seva inasahihisha. Mwandishi wa programu John Carmack alitumia mbinu hiyo kwenye gemu la QuakeWorld mwaka 1996.

Je, wajua kwamba huhitaji bando kuandika ukurasa wako wa kwanza? Faili la maandishi linaloishia na .html hufunguka kwenye kivinjari bila intaneti.

Je, wajua kwamba kalenda ya giza kwa wavuvi wa dagaa inaingia kwenye mistari michache ya JavaScript? Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Mwezi mwandamo ulitokea Januari 6, 2000, saa 3 na dakika 14 usiku kwa saa zetu. Hesabu siku zilizopita tangu hapo, gawanya kwa 29.530588, chukua baki: huo ndio umri wa mwezi. Hesabu hii hukosea kwa saa kadhaa, lakini kwa kupanga usiku wa kuingia ziwani inatosha. Ijaribu kwa ile asubuhi ya Januari 19, 2038: utapata baki ya siku 13, mwezi unakaribia kujaa, na mitumbwi ya dagaa itakuwa imepumzika.